Lighthouse imekupa mia, lakini ushawahi kuisikiliza tovuti yako?

Hii kitu nimeiona sana kwa madevelopa wa Kampala, hasa wale wanaochukua kazi za NGO na za wizara. Kwenye mkataba kuna mstari unasema tovuti ifuate WCAG levo ya AA, ule mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, yaani tovuti iweze kutumika na watu wenye ulemavu, basi usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi jamaa anafungua Chrome, anarani Lighthouse, zana yake ya kupima tovuti, anapata 100 ya kijani upande wa ufikivu, anapiga skrinshoti, anaibandika kwenye ripoti na kuituma pamoja na invoisi. Klayenti anafurahi. Alafu anakuja mtu asiyeona, anafungua ile tovuti kwa simu yake, anakwama kwenye menyu, hata hajafika kwenye fomu aliyoifuata.

Sio kwamba developa kadanganya. Ile mia ni ya kweli, ila ni alama ya vitu ambavyo mashine inaweza kuvikagua peke yake. Mashine inaweza kujua picha ina alt, yale maelezo ya maneno kwa asiyeiona, haiwezi kujua kwamba hiyo alt imeandikwa "picha" basi. Inaweza kujua fomu ina lebo, haiwezi kujua kwamba lebo ya "Jina la baba" imebandikwa kwenye kisanduku cha namba ya simu. Mwaka 2017 watu wa huduma za kidijitali wa serikali ya Uingereza walitengeneza ukurasa mbovu makusudi, wakaujaza makosa ya ufikivu zaidi ya 140, wakaupitisha kwenye zana za otomatiki moja baada ya nyingine. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilikamata kama asilimia 40. Zilizobaki unajua mwenyewe.

Na hata hizo ambazo mashine inazikamata watu hawazirekebishi. WebAIM, watafiti wa ufikivu wa Marekani, kila mwaka wanapima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, na mwaka 2024 asilimia 95.9 zilikuwa na kosa angalau moja linaloonekana na mashine, la kwanza kabisa likiwa maandishi hafifu juu ya rangi hafifu. Kwa hiyo zana ziendelee kutumika, axe, WAVE, Lighthouse, zote nzuri na zote zina toleo la bure. Ila baada ya hapo inabidi uweke mkono kwenye kibodi, usikilize. Na hapo ndipo watu wengi wanaanza kuchanganyikiwa, maana wanawasha NVDA, ambayo ni kisoma skrini, yaani programu ya kumsomea kwa sauti mtu asiyeona, inaropoka maneno kama mtangazaji wa mpira, wanaogopa, wanaizima, wanasema hii kitu ni ya wataalamu.

Sio ya wataalamu. Ila kuna mambo mawili matatu yamefungana, usipoyafungua kwanza utasikia kelele tu.

Kisoma skrini kinasoma nini hasa

Wengi wanadhani kisoma skrini kinaangalia skrini kama jicho, kinaona batani ya kijani, kinasema "batani". Hapana. Hakioni kijani wala hakioni kwamba umeweka kivuli kizuri chini ya kadi. Brauza ikipokea HTML yako inajenga DOM, mti wa elementi zote za ukurasa, hiyo unaijua, alafu kutokana na DOM inajenga mti mwingine unaoitwa mti wa ufikivu, na kila kitu kwenye huo mti kina habari chache tu: ni kitu gani (linki, batani, kichwa cha habari, kisanduku), kinaitwaje, na kiko kwenye hali gani (kimefunguka, kimetikiwa, hakifanyi kazi). Brauza inaupeleka mti huo kwa mfumo wa kompyuta au simu, Windows au Android, na kisoma skrini kinauchukua kutoka huko na kuugeuza sauti, au nukta za breli kwa mwenye kifaa cha breli.

Huo mti unaweza kuuona kwa macho yako. Fungua zana za developa kwenye Chrome, bonyeza elementi yoyote, upande wa pembeni kuna tabu ya Accessibility, inakuonyesha jina na kazi ya hiyo elementi vile ilivyo kwenye mti. Firefox nayo inayo. Mi ningekuwa nafundisha vijana kwenye bootcamp ningeanza hapo, kabla hata ya kuwasha sauti, kwa sababu ukishauona mti, sauti inaacha kuwa uchawi.

Chukua mfano wa kila siku. Umeandika div, elementi isiyo na kazi maalumu, ukaipa onclick ili ibofywe, ukaipamba na CSS ikafanana na batani kabisa. Kwenye mti haipo kama batani, ipo kama maandishi tu, "Tuma maombi", labda NVDA itaongeza kwamba inaweza kubofywa. Ukibonyeza Tab inarukwa. Anayesikiliza hana njia ya kujua kwamba hayo maneno mawili ndio mlango wa kutokea kwenye fomu nzima. Badilisha iwe elementi ya button, hakuna kingine, na ghafla ina jina, ina kazi, inafikiwa na Tab, inaitikia Enter na Spesi. Yaani HTML ilikuwa imeshakufanyia kazi yote, we ndio ulikataa msaada.

Kibodi kwanza, sauti baadaye

Kabla hujawasha chochote, chomoa mausi. Kama ni laptopu, usiguse tachipadi. Jaribu kufanya ile kazi kubwa ya tovuti yako, kujisajili, kununua tiketi, kulipa ada ya shule, kwa Tab, Shift na Tab, Enter, Spesi, mishale na Esc. Utagundua mengi hapo peke yake: kwamba hujui uko wapi kwa sababu mtu aliandika outline: none kwenye CSS ili klayenti asilalamike kuhusu ule mstari wa bluu, kwamba menyu inafunguka kwa kupitisha mausi tu, kwamba kidirisha cha "Kubali vidakuzi" kimefunika ukurasa na Tab inatembea nyuma yake bila wewe kuona. Hii sio ya wasioona peke yao. Mtu mwenye mkono unaotetemeka, mtu anayetumia swichi moja, hata wewe siku mausi imekufa, wote wanapita njia hiyohiyo.

Kwa vidirisha, siku hizi kuna elementi ya dialog, ukiifungua kwa showModal inashika fokasi (mahali kibodi ilipo kwa wakati huo) yenyewe, Esc inaifunga yenyewe. Watu bado wanajenga vya kwao kwa div kumi na mbili, sijui kwa nini.

NVDA, na ule mtego wa Tab

NVDA ni ya bure, ya Windows, ilianzishwa 2006 na Michael Curran kule Australia, baadaye akaungana na James Teh, wote wawili hawaoni. Hiyo inafaa kujulikana maana kuna watu wanadhani hizi programu zimetengenezwa na makampuni kwa huruma. Bando ya kawaida inatosha kuidaunlodi, na unaweza kutengeneza kopi ya kubebeka ukaiweka kwenye flashi, ukaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi bila kuisakinisha.

Ukiiwasha mara ya kwanza inakuuliza kama unataka Caps Lock iwe kitufe cha NVDA, kubali kama laptopu yako haina Insert ya kueleweka. Vitufe vya kukuokoa ni viwili: Ctrl inainyamazisha papo hapo, na kitufe cha NVDA pamoja na Q inaizima. Ukishavijua hivyo viwili woga unaisha. Alafu kwenye menyu ya zana kuna kitazama maneno, kidirisha kinachoandika kila kinachosemwa. Kiwashe. Ofisi zetu zina kelele, jenereta ya jirani, bodaboda nje, na Kiingereza cha ile sauti ya eSpeak kinahitaji masikio kuzoea, kwa hiyo kusoma kinachosemwa mwanzoni sio aibu.

Sasa mtego. Developa anawasha NVDA, anabonyeza Tab, Tab, Tab, anasikia linki na batani tu, anasema "mbona haisomi aya zangu? wasioona hawasomi aya zangu!" Basi anakwenda kwenye msimbo anaweka tabindex="0" kwenye kila aya na kila kichwa cha habari ili Tab izifikie. Nimeona hii kwenye tovuti za watu wenye heshima zao. Amedhani anasaidia, kumbe kaharibu, maana sasa mtu wa kibodi anabonyeza Tab mara mia kufika chini.

Ukweli ni kwamba NVDA ina modi mbili. Ya kwanza ni ya kusoma: mshale wa chini unakupeleka mstari kwa mstari, na herufi zinakuwa njia za mkato, H inaruka kichwa cha habari hadi kingine, K linki, B batani, F sehemu za fomu, T jedwali, D maeneo makubwa ya ukurasa. Ya pili ni ya kuandika: ukiingia kwenye kisanduku cha fomu, NVDA inatoa mlio kidogo na kuanzia hapo H ni herufi H, inaandikwa. Kubadilisha kwa mkono ni kitufe cha NVDA na Spesi. Kwa hiyo Tab ni ya vitu vya kubonyeza, mishale na herufi ni za kusoma, na aya zako zilikuwa zinasomwa siku zote, we ndio ulikuwa unapita mlango usio wake.

Ukielewa modi hizi mbili utaelewa pia kwa nini vichwa vya habari sio mapambo. Kwenye utafiti wa WebAIM uliotoka 2024, zaidi ya asilimia 70 ya watumiaji wa visoma skrini walisema wakitafuta kitu kwenye ukurasa mrefu njia yao ya kwanza ni kuruka vichwa. Kama umetumia h4 kwa sababu saizi yake ilikupendeza, ngazi za vichwa zitampotosha, na kama umeandika kichwa kwa div yenye maandishi manene, H haitapata kitu. Bonyeza kitufe cha NVDA na F7, itakuja listi ya linki na vichwa vyote vya ukurasa. Isome hiyo listi bila kuangalia ukurasa. Kama linki saba zimeandikwa "Soma zaidi" na hujui ipi ni ya nini, na yeye hajui.

Simu, na hapa ndipo kwetu penyewe

Ushauri mwingi unaousoma umeandikwa na watu wa Marekani na Ulaya, wanakwambia anza na JAWS na Chrome. Kwao ni sawa, kwenye utafiti uleule JAWS ilikuwa kisoma skrini kikuu cha kama asilimia 40 ya waliojibu na NVDA kama 38, lakini waliojibu wengi ni wa Amerika Kaskazini na Ulaya, na JAWS ni ya kulipia. Hapa Uganda mtu wako wa kwanza ana Android na MB za kuhesabu. Mi naona kama una muda wa kujifunza kimoja tu basi kiwe TalkBack, kisoma skrini cha Android, NVDA ifuate.

TalkBack iko kwenye Mipangilio, sehemu ya Ufikivu. Kabla hujaiwasha, weka njia ya mkato ya kubonyeza vitufe vya sauti vyote viwili kwa pamoja, vinginevyo utaiwasha alafu utashindwa kuizima, simu itakuwa kama imelogwa. Maana ukiiwasha, kugusa mara moja hakubonyezi tena, kunasema tu kilicho chini ya kidole. Kutelezesha kulia ni kitu kinachofuata, kushoto ni kilichopita, kubonyeza ni kugonga mara mbili popote kwenye skrini, kusogeza ukurasa ni vidole viwili. Kutelezesha juu au chini kunakwenda kwa kichwa cha habari, au kwa linki, au kwa herufi, inategemea umechagua nini. Yenyewe ina mafunzo ndani yake, yapitie kwanza, hayachukui muda.

Sasa chukua kitu ambacho kila mtu hapa anakijua, kulipa kwa mobile money kwenye tovuti. Mtu anachagua basi la kwenda Gulu, anaandika namba ya simu, anagonga "Lipa". Kwa macho kinachotokea ni kidogo: kiduara kinazunguka, pameandikwa "Tunasubiri uthibitishe", kisanduku cha PIN kinaruka juu ya skrini, unaweka PIN, unarudi, tiki ya kijani. Kwa TalkBack ukurasa huohuo ni hivi. Anagonga mara mbili "Lipa". Kimya. Kiduara hakina jina, maandishi ya kusubiri yameingizwa na JavaScript sehemu ambayo hakuna aliyeiambia TalkBack iiangalie. Sekunde zinapita. Kisanduku cha PIN kinakuja, hicho kinasomwa kwa sababu ni cha simu, sio chako. Anaweka PIN, kinafungwa, anarudishwa kwenye brauza, fokasi imeangukia mwanzo wa ukurasa, inasoma jina la kampuni na menyu. Kimya tena. Amelipa? Hajalipa? Ile batani ya "Lipa" bado ipo, anaigonga tena. Mara mbili kwa safari moja.

Hakuna zana ya otomatiki itakayokuonyesha hiyo, kwa sababu kila hatua ikiangaliwa peke yake HTML ni safi. Kosa liko kwenye mpito, katikati ya hatua na hatua. Na dawa yake sio kubwa: weka tangu ukurasa unafunguka elementi tupu yenye role="status", alafu ombi likishatumwa ndani yake uandike "Tumetuma ombi kwenye simu yako, weka PIN". Lazima elementi iwepo kabla ya maneno, ukiiingiza pamoja na maneno yake visoma skrini vingi havitasema kitu, na hii peke yake imewapotezea watu mchana mzima. Jibu likirudi, peleka fokasi kwenye kichwa cha "Malipo yamepokelewa, tiketi yako hii hapa". Batani ya Lipa usiipige disabled ghafla mtu akiwa juu yake, fokasi inaweza kupotea, iweke aria-disabled na uzuie ombi la pili kwenye msimbo, na upande wa seva pia, hiyo ya seva hata wenye macho itawasaidia, mtandao wetu mnaujua. Na kama kikao kinakufa baada ya muda fulani, mwambie mtu kabla hakijafa na umpe nafasi ya kuongeza, WCAG imelisema hilo waziwazi na anayesikiliza anahitaji muda zaidi kuliko anayetupa jicho.

Kitu kingine cha kwetu kabisa: mapicha ya WhatsApp. Tangazo la kazi, ratiba ya mitihani, bei mpya, vyote vinakuja kama posta moja, mtu wa ofisi anaipandisha kwenye tovuti vilevile ilivyo, inaitwa "WhatsApp Image 2024" na namba zake ndefu, haina alt. Ikiwa imewekwa ndani ya linki, kisoma skrini kinatafuta jina kikilikosa kinaweza kuanza kusoma jina la faili, namba kwa namba. Na PDF iliyoskaniwa ni ileile tu, ni picha, ndani hakuna hata neno moja la kusoma. Hapo developa atasema sio kosa langu, ni la mtu wa maudhui. Sawa, lakini nani alitengeneza hiyo CMS, mfumo wa kupandishia maudhui, bila kulazimisha sehemu ya alt?

Sauti inasoma lugha gani

Tangu marekebisho ya katiba ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili Uganda, na tovuti zenye kurasa za Kiswahili zipo. Shida ni kwamba templeti uliyonunua imekuja na lang="en" juu kabisa, na hakuna aliyeigusa. Kisoma skrini kinaamini hiyo tagi. Kinachukua sauti ya Kiingereza na kuanza kusoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, "tume" inakaribia "tyumu", "bure" inakuwa kitu ambacho hata mama yako hatakitambua. Andika lang="sw". eSpeak ya NVDA ina Kiswahili, injini ya Google kwenye Android nayo inacho. Kwa Kiluganda ni lang="lg", na uiandike hata kama simu ya mtu haina sauti yake, kwa sababu siku itakapokuwa nayo ukurasa wako utakuwa tayari. Ukurasa ukiwa wa Kiingereza na ndani yake kuna aya moja ya Kiswahili, iweke lang hiyo aya peke yake. Ni herufi chache, na sioni kitu kingine kwenye kazi hii chenye faida kubwa hivi kwa jasho dogo hivi.

ARIA, ile dawa ya kuzidisha dozi

Mtu akishajua kuna mti, anataka kuurekebisha kwa mkono, na ARIA ndio kazi yake, ni sifa unazoweka kwenye HTML kubadilisha kinachosemwa. Lakini ARIA inabadilisha maneno tu, haibadilishi tabia. Ukiweka role="button" kwenye div, NVDA itasema "batani", mtu ataiamini, lakini Tab bado itairuka, kwa sababu kufikiwa na Tab na kuitikia Spesi hujaviandika. Bora ulivyokuwa hujaweka, angalau hukumwahidi. WebAIM kwenye kupima kwao wamekuta kurasa zenye ARIA kwa wastani zina makosa mengi kuliko zisizo nayo, na sio kwamba ARIA ni mbaya, ni kwamba inatumika kufunika HTML mbovu. Sheria ya kwanza ya ARIA iliyoandikwa na W3C wenyewe, wanaotunga viwango vya wavuti, inasema kama kuna elementi ya HTML inayofanya hiyo kazi, tumia hiyo.

Ikisoma vibaya, nani mwenye kosa?

Hapa ndipo watu wanagombana. Umetesti NVDA na Firefox, inasema vizuri. TalkBack na Chrome inasema vingine. Mwenzako ana Mac na VoiceOver, kisoma skrini cha Apple, inanyamaza. Wewe unaanza kuandika viraka vya kila mmoja. Subiri. Rudi kwenye mti. Kama kwenye mti jina ni sahihi, kazi ni sahihi, hali ni sahihi, basi msimbo wako umefanya sehemu yake, na tofauti ya maneno ni tabia ya kisoma skrini tu, mmoja anasema "linki, Nyumbani", mwingine anasema "Nyumbani, linki", na watumiaji wao wameshazoea. Usijaribu kuwafanya waseme sawasawa. Kama mti wenyewe hauko sawa, ni wewe. Na kama mti uko sawa lakini mtu hawezi kumaliza kazi, inaweza kuwa hitilafu ya brauza au ya kisoma skrini, hizo zipo kweli, lakini kabla hujalaumu hakikisha haukuwa kwenye modi ya kuandika ukidhani uko kwenye ya kusoma. Mara nyingi ni hiyo.

VoiceOver ya iPhone na Mac inakuja ndani ya kifaa, kwa hiyo mwenye kifaa asiache kuitumia, ila kununua Mac kwa ajili ya kutesti tu kwa bei za hapa sikushauri.

Sio visoma skrini peke yake

Watu wenye uoni hafifu ni wengi kuliko wasioona kabisa, na wao kwa kawaida hawasikilizi, wanakuza. Kuza ukurasa hadi asilimia 400 kwenye skrini ya upana wa pikseli 1280, maandishi yajipange upya bila kumlazimisha mtu kusogea kulia na kushoto. Pima rangi, maandishi ya kawaida yanataka uwiano wa 4.5 kwa 1. Batani zisipungue pikseli 24 kwa 24, hiyo imekuja na WCAG 2.2 ya Oktoba 2023. Kuna wanaotumia sauti yao kuamrisha simu, Voice Access ya Android ni ya bure, ukiita batani kwa neno unaloliona, Tuma, lakini aria-label yake, jina la ARIA lisiloonekana kwa macho, ni "Wasilisha fomu", inaweza isikusikie. Ndio zile lebo tulizoziweka kwa nia njema.

Leta mtu mwenyewe

Sheria ipo, kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, na Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao tangu 2008. Sensa ya 2014 ilikuta kama asilimia 12 ya watu wana ulemavu wa aina fulani. Sitakaa kwenye sheria, haijawahi kumfundisha mtu kubonyeza H.

Ila jambo moja. Wewe na NVDA yako hamtoshi. Wewe unaijua tovuti, unajua batani iko wapi, ukisikia nusu ya neno unamalizia mwenyewe kichwani, na sauti umeipunguza ikawa ya konokono wakati mtumiaji halisi anaisikiliza kwa kasi ambayo wewe utadhani ni redio imeharibika. Kujifunza kisoma skrini kunakufanya ukamate makosa ya wazi ili usimpotezee mtu muda wake. Baada ya hapo mtafute mtumiaji mwenyewe, vyama vipo, NUDIPU, muungano wa watu wenye ulemavu Uganda, ipo tangu 1987, chama cha wasioona Uganda kina umri mkubwa zaidi ya huo, na vyuoni kuna wanafunzi wanaotumia hizi programu kila siku kuliko utakavyowahi kuzitumia wewe. Mlipe. Sio nauli na soda, mlipe kama unavyomlipa dizaina, na uweke kwenye bajeti tangu kotesheni ya kwanza maana mwishoni hela huwa imeisha.

Akija, mwache atumie simu yake mwenyewe na mipangilio yake. Mpe kazi, "nunua tiketi ya kesho asubuhi", usimpe maelekezo. Usikae pembeni unamwambia bonyeza pale juu kulia, kwake pale juu kulia hapapo. Akinyamaza muda mrefu usimsaidie haraka, muulize amesikia nini hasa, aliseme neno kwa neno, liandike, alafu jioni fungua mti utafute hilo neno limetoka kwenye mstari gani wa msimbo wako.